Pete Tatu za Fedha Kwenye Mtutu

Bi Kheiria, asalaam aleikum. Jambo hili limenikaa kooni tangu Idi na wa kumwambia sina, kwa sababu kila nnayemjua Maskati hii anamjua na baba yangu, basi nimeona bora nikuandikie wewe wa gazetini, usiyenijua, unipe akili, na ukinigombeza pia ntakubali. Niite Mazoon, jina si langu. Nna miaka thelathini na sita, nnakaa Ansab na baba yangu mzee Thani, na hilo nalo si jina lake, na mume wangu Humam na wanetu wawili. Kazi yangu ni maabara ya hospitali, napima damu za watu, na mchezo wangu ni kulenga shabaha kwa bunduki. Najua wapo watakaoshangaa, mwanamke na bunduki wapi na wapi, basi washangae kidogo halafu tuendelee.

Bunduki zenyewe ni hizi za risasi ndogo, tuentituu. Unalala kifudifudi, karatasi iko mita hamsini mbele yako, katikati ina kiduara kidogo ambacho ukikipata unapewa kumi, na unapiga risasi sitini, kwa hiyo ukizipata zote ni mia sita. Hakuna nguvu wala mbio. Ni kutulia tu, kuvuta pumzi, kubana kidole polepole, tena na tena, mara sitini, na mimi kwa kutulia Mungu kanijaalia.

Miaka mitatu nyuma nlikuwa natumia bunduki za klabu, kila siku unapewa hii au ile, na baba akasema basi, ntakununulia yako. Mimi nlikuwa nimeshaichagua kwenye simu, Bi Kheiria, nyeusi na nyekundu, kitako chake cha bati kimejaa skrubu za kurefusha na kufupisha, nikiiangalia kabla ya kulala kama msichana anayeangalia nguo ya harusi. Mwalimu wetu wa klabu, Saud, akaniambia, "Hiyo unainunua kwa macho." Akapanga bunduki tano chini, akanilaza kwenye kila moja nimefumba macho, niiweke begani nnavyoona raha, halafu nifumbue, nione kama jicho limeangukia lenyewe kwenye kitundu cha kulengea au natafuta kwa shingo. Nne nikatafuta kwa shingo. Ya tano jicho likaanguka pale pale. Na hiyo ya tano ilikuwa imeshatumika, ya mbao, mtutu mnene mzito, imekwaruzwa ubavuni, mbaya ukiitazama, nilitaka kulia. Baba akaichukua, akatoa miwani yake ya pili, kwani yeye ni mpima ardhi mstaafu, miaka thelathini kapima barabara na viwanja vya nchi hii, akaigeuza akaigeuza, akasema, "Hii kaitengeneza mtu mwenye adabu." Ikanunuliwa. Kibali ni cha jina lake, kwa hiyo bunduki inalala kabatini kwake, kabati la chuma, ufunguo anao yeye.

Na kweli tukaelewana, mimi na bunduki ile. Mwaka wa kwanza nlikuwa napata mia tano na sabini, baadaye themanini, na kabla ya Ramadhani nikapata mia tano themanini na sita, na hapo ndipo Saud alipoanza kusema habari ya timu. Baba akachukua karatasi ya miraba, zile walizokuwa wakichorea kazini, akaibandika kwenye friji, na kila nikirudi klabuni ananiuliza, "Leo ngapi?" nikimwambia anatia nukta kwa kalamu ya risasi na kuunganisha kwa rula. Mstari unapanda. Wageni wakija anawapeleka jikoni kuuona, na mimi nnaona haya na nnafurahi.

Sasa Idi. Wiki ya mwisho ya Ramadhani baba akaniambia bunduki kaipeleka kusafishwa, nikasema sawa, maana mwezi ule nlikuwa nafanya kazi zamu na klabu sendi. Idi pili, wote wamejaa sebuleni, ami zangu, shangazi, watoto, baba akaja na kitu kimefungwa kwenye shali, akaniita mbele ya watu. Nikafungua. Bi Kheiria, bunduki yangu ilikuwa na pete tatu za fedha, pana kama vidole viwili, zimechorwa maua na majani, moja mbele, moja katikati, moja karibu na pale inapoingia risasi, zimezunguka mtutu na mbao pamoja, zimebana, na kila moja ina skrubu ndogo kwa chini. Vile vile kama bunduki za zamani za Kiomani, zile wanazochezea wanaume ngoma ya razha siku ya Idi. Baba akasema babu yake alikuwa na ya namna hiyo, iliachwa Unguja na kila kitu walichokiacha, na yeye alikuwa mtoto wa miaka kumi alipoiona mara ya mwisho. Halafu akasema fedha hii ni ya mitali ya mama, ile aliyokuwa akivaa miguuni siku za harusi na mara moja moja kumfurahisha yeye, kaipeleka mwenyewe kwa sonara Matrah ikayeyushwa mbele ya macho yake. Mama kafariki mwaka wa nne huu. Shangazi akapiga kigelegele, watu wanafuta machozi, mimi nikambusu baba mkono na kichwa, nikalia, na wallahi nlilia kwa furaha.

Nikarudi klabuni wiki ya pili. Mia tano na sitini na nne. Nikasema ni mwezi wa kukaa bure, mkono umelala. Siku ya pili sitini na moja. Risasi kumi za mwanzo zinakaa vizuri, kisha mtutu ukipata moto zinaanza kuhama, juu kulia, juu kulia, narekebisha, zinahama tena. Nikasema risasi, nikabadilisha, nikajaribu aina nne. Nikasema macho, nikenda kwa daktari, akaniambia macho yangu kama ya mwewe. Nikabadilisha kitundu cha kulengea, nikaweka kipya cha vioo. Nikabadilisha kifyatulio, nikaweka chepesi, kikawa chepesi mno, nikapiga risasi mbili kabla sijataka, moja ikenda kwenye karatasi ya jirani yangu. Nikaongeza kipande kwenye kitako, nikakitoa. Kila nikibadilisha kitu Humam ananiuliza, "Khalas, sasa imepona?" nami nasema bado kidogo.

Saud alinitazama wiki tatu nikibadilisha. Kisha siku moja akatoa noti ya nusu riali mfukoni, akaiingiza baina ya mtutu na mbao, pale mbele kabisa, akaivuta kurudi nyuma. Zamani noti ile ilikuwa inapita mpaka mwisho, alinionesha siku ya kununua, kwamba bunduki ya shabaha mtutu wake haugusi mbao, umeshikwa nyuma tu, mbele kote uko huru, na ndivyo unavyotetemeka namna moja kila risasi. Safari hii noti ikenda kidole kimoja ikasimama kwenye pete ya kwanza. Akaniangalia, akasema, "Mazoon, mtutu umefungwa mikono. Zitoe hizo, au usiniulize tena." Na mimi, Bi Kheiria, ntasema kweli, nlikuwa najua. Nlijua tangu siku ya pili. Vitu vyote vile nlivyobadilisha nlibadilisha kwa sababu sikutaka kujua.

Na sasa ndiyo kosa langu. Siku ile ya kwanza baada ya Idi baba aliniuliza mlangoni, "Leo ngapi?" na kabla sijafikiri nikasema, "Themanini na nne." Akasema, "Umeona baraka ya mama yako?" akenda kutia nukta. Basi nikanaswa hapo. Mara ya pili nikasema themanini na sita, mara nyingine themanini na tisa, miezi miwili sasa, na mstari wa friji unapanda ingawa mimi nashuka. Kisha kuchaguliwa timu ni Jumamosi, wiki tatu kutoka leo, na chini ya mia tano na themanini hachukuliwi mtu, na baba kaalika watu, gari mbili kutoka hapa kwetu na moja kutoka Sidab, wanakuja na mabirika ya kahawa kunitazama. Kila nikilala chini na bunduki ile nnaziona zile pete na nnasikia moyo unakwenda mbio, na katika mchezo huu moyo ukenda mbio umeshakosa.

Rafiki yangu Bashayer, tunapiga pamoja, anauza bunduki yake kwa kuwa kapata mpya, na ni ya namna ile ile nlokuwa naitamani, ya skrubu. Ananiambia nunua yangu, au tumia yangu siku ile, na baba umwambie sheria za mashindano haziruhusu fedha kwenye bunduki, yeye atajuaje? Na hii ya pete ibaki nyumbani, ipendeze kabatini, kila mtu kafurahi. Duka moja pia wameniambia wanaweza kunitia mtutu mpya. Sasa nakuomba uniambie, ninunue ya Bashayer, au nibadilishe mtutu, au nikae na hii hii nijitahidi? Na baba nimwambie vipi, au nisimwambie? Yeye anasema hizo pete ndiyo mama anakuja klabuni na mimi. Nitazitoaje, Bi Kheiria? Ntamwangaliaje?

Wako,
Mpiga shabaha wa Ansab

*

Wa aleikum salaam, Mazoon usiyeitwa Mazoon. Umejificha jina, halafu ukanitajia Ansab, maabara, baba mpima ardhi na bunduki yenye pete tatu za fedha. Mwanangu, ulibakisha namba ya nyumba tu. Kwa hiyo jibu hili nakupelekea kwanza kwenye simu, kwa namba uliyoniachia, na barua yako iko mezani kwangu, haitoki ukurasani mpaka uniambie baba yako ameshaisikia kwako wewe. Ukitaka isitoke kabisa pia niambie, ntaichana. Lakini mzee Thani hatoijua habari hii kwa kusimuliwa na mtu aliyeisoma gazetini, si kwa mkono wangu.

Nianze na bunduki, maana hilo ndilo jepesi, na kwa kuwa mimi bunduki sizijui nilimpigia shemeji yangu Hamood, aliyekuwa fundi wa silaha jeshini miaka mingi. Nlimsomea barua yako bila ya majina. Nilipofika kwenye pete akasema "Lo!" akaomba nimsomee tena. Kisha akacheka, kisha akasema masikini mzee.

Ya Bashayer usinunue. Umenieleza mwenyewe kwamba ulilala na bunduki nne ukatafuta kwa shingo na moja ukakaa nayo, na hiyo unayo. Hamood anauliza, huyo Bashayer ana urefu sawa na wewe? Mkono sawa? Shingo sawa? Ile ina skrubu, ndiyo, zitasogezwa, lakini itakuchukua miezi kuzoea na wewe una wiki tatu. Miaka mitatu imepita na bado unainunua kwa macho. Wala huitaki kwa kupiga. Unaitaka kwa sababu haina pete.

Mtutu mpya pia usitie. Mtutu wako haujafanya kosa lolote. Ulipokuwa huru ulikupa themanini na sita, ulipofungwa ukakupa sitini na moja, sasa unataka kuuadhibu kwa kuutoa? Na hapa niache nikugombeze kidogo. Wewe mtu wa maabara! Mgonjwa akija na homa mnampa dawa tano kwa pamoja kisha mnakaa mnaulizana ipi imemponya? Umebadilisha risasi, kitundu, kifyatulio, kitako, vyote ndani ya miezi miwili, na hukuandika popote kipi kilileta nini. Hamood anasema bunduki ya risasi ndogo ina deko, hasa kwenye risasi, ikipenda aina moja haitaki nyingine, na ukitaka kuiboresha unabadilisha kitu kimoja, unapiga siku kadhaa, unaandika, ndipo unakwenda kwenye cha pili. Basi rudisha kifyatulio chako cha zamani, leo, kabla hujampiga mtu. Rudi kwenye risasi zile ulizokuwa nazo kabla ya Ramadhani, na ukipata maboksi ya toleo lile lile yachukue yote. Kitundu kipya kama kimekaa sawa kiache, hakina ubaya. Pete zikitoka, mwombe Saud akaze upya skrubu zinazoshika bunduki kwenye mbao, kwa kipimo kimoja, na apitishe noti yake mpaka mwisho. Kisha upige sitini, upumzike, upige sitini. Zikikaa, basi, usiguse kitu tena mpaka Jumamosi ile. Zikihama hata hapo, ndipo tuzungumze habari ya mtutu, na si kabla.

Mbao itabaki na alama tatu za pete. Ziache hapo, hazipotezi risasi hata moja.

Haya. Sasa baba yako.

Ulipofika kwenye mitali ya mama yako niliiweka barua chini nikenda kunawa uso. Siwezi kukwambia kwamba ni jambo dogo, si dogo. Mwanaume kachukua kitu cha mkewe cha mwisho chenye uzito, akakaa kwa sonara akakitazama kinayeyuka, kwa ajili yako. Najua kwa nini ulibusu mkono. Mimi pia ningebusu. Na nnajua kwa nini siku ile ya kwanza mlangoni ulimi ukakimbia ukasema themanini na nne. Huo uwongo wa kwanza sikulaumu hata kidogo, ulikutoka kwa huruma.

Lakini wa pili nakulaumu, na wa tatu, na wa nane. Tena nasema na hili ili usidhani namtetea kwa kuwa ni rika langu: na yeye kakosea. Bunduki ni ya binti yake, ya kazi, kaichukua kwa hila akaipeleka kwa fundi wa vito bila ya kumuuliza mwenyewe wala mwalimu wake. Sisi watu tuna ugonjwa huo, tukimpenda mtu tunampambia kitu chake mpaka hakifanyi kazi. Mimi mwenyewe nlimshonea mwanangu begi la shule kwa nyuzi za dhahabu likawa halifungi. Alilibeba wiki nzima vitabu vikimwagika, hakusema, na nlipojua niliumia kwa zile siku tano alizonyamaza, begi sikulikumbuka hata kidogo.

Umesikia? Nimeumia kwa zile siku. Wewe umefanya miezi miwili.

Unadhani khofu yako ni pete. Pete zina skrubu, utazitoa dakika tano. Kilicho kizito ni karatasi iliyoko kwenye friji. Mtu aliyetumia miaka thelathini kupima ardhi ya nchi nzima, asiyeweka nukta mpaka ahakikishe, umemchoresha mstari wa uwongo kwa mkono wake, kwa rula yake, na anawapeleka wageni kuuona. Hapo ndipo pa kuona haya, mwanangu, na nadhani unajua, ndiyo maana moyo unakwenda mbio ukilala chini. Usiisingizie fedha.

Na jambo jingine umelisahau. Umeandika barua nzima kama vile baba yako hawezi kuelewa. Yeye! Angemkuta kibarua kaufunga mtambo wake wa kupimia kwa mapambo siku ya Idi, angefanya nini? Angemfukuza kabla ya kahawa. Hakuna mtu katika nyumba yenu, wewe mwenyewe ukiwemo, anayejua kuliko yeye kwamba kifaa cha kupimia hakiguswi. Hakukijua hiki tu, kwa sababu hukumwambia. Mwalimu wako kamwambia nani? Wewe. Noti ilisimama mbele ya nani? Yako. Umemfanya mzee wa watu mtoto wa kulishwa peremende, kisha unaniuliza utamwangaliaje.

Habari ya kumwambia kwamba sheria za mashindano zimekataza, ifute kabisa. Kwanza ataomba kuisoma sheria, namjua mtu wa namna hiyo, nimeolewa naye. Pili, utakuwa umepiga kwa bunduki ya mwenzako mbele ya watu wa gari tatu waliokuja kuiona ya kwako, na ukishinda utakuwa umeshinda kwa uwongo, na ukishindwa utajua kwa nini. Na bunduki yako itabaki kabatini na pete zake, na wewe kila ukipita mlango wa chumba kile utatazama chini, miaka yote mzee huyo atakayoishi.

Basi utafanya hivi. Ijumaa hii, baada ya chakula, watoto wakienda kulala mchana, Humam atoke, aende popote. Mwombe baba ufunguo, toa bunduki mwenyewe, iweke juu ya meza ya kulia. Toa karatasi mbili za shabaha, ile ya kabla ya Ramadhani na moja ya karibuni, usiniletee habari kwamba umezitupa, nakujua unazo. Ziweke pembeni mwa bunduki. Usianze na mama, usianze na shukrani, usianze na kulia. Mwambie, baba, nambari nilizokupa tangu Idi si za kweli, hizi ndizo za kweli, moja moja, kwa tarehe, akitaka kuandika aandike. Kisha mpe noti aipitishe yeye kwa mkono wake. Usimweleze. Yeye ni mtu wa vipimo, noti ikisimama ataelewa kabla hujafungua mdomo.

Halafu nyamaza. Hapo ndipo wengi tunaharibu, tunasema jambo la kweli kisha tunaanza kulipaka asali mpaka halionekani tena. Akikasirika usinyanyuke, kaa pale pale. Akilia, mletee maji, ukae. Akiuliza kwa nini, mjibu kwa sentensi moja, niliogopa kukuumiza, na usiongeze ya pili. Usimwambie fedha ipelekwe wapi wala ifanywe nini. Ile ni mitali ya mkewe, atajua mwenyewe, na akitaka kukaa nayo mkononi wiki nzima bila ya kusema kitu ni haki yake.

Na wale wageni wa mabirika usiwazuie. Hata ukipata sitini na moja siku ile, waje. Watu wazima hao, wameshaona mtu akishindwa.

Fanya hivyo, kisha nipigie, nikujue sauti. Usiponipigia ntajua, na barua yako itabaki mezani kwangu.

Kheiria

*

Wasomaji, mnaisoma barua hii, kwa hiyo mmeshajua kwamba alipiga. Ilikuwa Ijumaa, kama saa kumi hivi. Akasema tu, "Bi Kheiria, nimemwambia," nikamuuliza kasema nini, akasema baba aliinuka akenda jikoni, akarudi na ile karatasi ya miraba na ufutio, akaketi, akaanza kufuta nukta moja moja. Akamwambia amsomee zile nambari tena, polepole, kuanzia Idi.

Nlikuwa nataka kumuuliza na yeye mwenyewe yu hali gani, lakini nyuma ya simu nikasikia mwanaume anaita kutoka chumba kingine, sauti ya mtu mwenye haraka, "Nyie! Bisibisi yangu ndogo nani kaichukua?" na Mazoon akasema, "Samahani, baba ananihitaji," akakata.